Tumbaku Mbichi Humlevya Mchumaji

Ndugu msomaji, kama unalima tumbaku, jambo hili umekwisha kuliona. Asubuhi unakwenda shambani ukiwa mzima. Mvua imenyesha usiku, na majani yamelowa. Unachuma, unayabana majani kwapani, unayapeleka kwenye bani. Mchana kichwa kinaanza kuuma. Jioni unatapika. Usiku hupati usingizi. Kesho yake, au siku ya pili yake, unaamka huna ugonjwa. Unarudi shambani. Jioni yanakupata yale yale.

Ugonjwa huo upo, na jina lake ni ugonjwa wa tumbaku mbichi. Hauletwi na mbu. Hauletwi na mtu. Huletwa na sumu iliyomo ndani ya jani, ambayo hupita kwenye ngozi yako na kuingia katika damu. Sumu hiyo huitwa nikotini.

Naandika habari hii kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kuutambua. Wanakijiji huniita daktari. Mimi si daktari. Mimi ni mganga msaidizi mwenye cheti, na zahanati ninayofanya kazi iko katika kijiji cha wakulima wa tumbaku upande wa magharibi wa Tabora. Chuoni nilifundishwa malaria, kuharisha, nimonia, kifua kikuu, na mama wajawazito. Ugonjwa wa tumbaku mbichi sikumbuki kuusikia. Nilifundishwa na mtoto mmoja wa miaka kumi na mitatu.

Mtoto huyo aliletwa na mama yake mwezi wa Februari, jioni. Alikuwa amepauka, jasho linamtoka, anatapika, na anasema dunia inazunguka. Joto la mwili lilikuwa la kawaida. Nilipima damu, malaria haikuonekana. Hata hivyo niliogopa, nikampa dawa ya malaria. Kesho yake alikuwa mzima. Mama akafurahi, nami nikafurahi. Nilidhani dawa yangu imemponya.

Baada ya siku sita akaletwa tena, vile vile. Nikapima, hakuna malaria. Safari hii nilimpa maji ya chumvi na sukari, nikamlaza. Akapona.

Mara ya tatu mama alikuja amekasirika. Alisema, "Daktari, kama dawa zako zimeshindwa, sema, tujue la kufanya." Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ilinipasa kuliuliza siku ya kwanza.

"Mama, leo asubuhi huyu mtoto alikuwa wapi?"

"Alikuwa shambani na baba yake. Wanachuma."

"Na nguo hizi ndizo alizovaa shambani?"

"Ndizo hizo. Zimemkaukia mwilini."

Nilitazama gauni lake. Kifuani na ubavuni lilikuwa jeusi kwa utomvu wa tumbaku. Ukiligusa, linanata. Na mikono yake ilikuwa hivyo hivyo, mpaka juu ya viwiko. Tulimvua, tukamwogesha kwa sabuni mara mbili, tukamfunga kanga safi. Tukampa maji kidogo kidogo. Usiku ule alilala.

Kumbe nyumbani kwao lilikuwa limeanza jambo jingine. Baba yake alikuwa amekwenda kwa mpiga ramli. Akaambiwa shamba limetegwa. Ndiyo sababu, aliambiwa, kila anayeingia shambani humo anatapika. Akatajiwa na mtegaji: bibi mmoja mjane, jirani yao, ambaye shamba lake limepakana na la kwao. Bibi huyo ana macho mekundu. Ndugu msomaji, hapa kwetu unajua macho mekundu ya mwanamke mzee yanasemwaje. Lakini umejiuliza yanatoka wapi? Miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni jikoni. Mama yako naye akiishi sana atakuwa nayo.

Watu walikuwa wameacha kumwamkia. Kisimani akifika, wengine huinua ndoo zao na kuondoka. Mambo ya namna hii yakiachwa yakomae, hufika mahali ambapo mganga wa zahanati huitwa kutazama maiti. Niliona sina budi kwenda kuzungumza na baba huyo haraka.

Sikumwambia kwamba ramli ni uongo. Angenifukuza. Nilimwambia hivi: "Baba, tufanye jaribio. Kwa wiki tatu, mtu asiingie kuchuma mpaka majani yakauke. Kila mtu akitoka shambani aoge kwa sabuni na abadili nguo. Huyu mtoto asichume kabisa. Kama shamba limetegwa, mtatapika vile vile. Kama ni majani, hamtatapika." Alifikiri sana. Mwisho alisema jaribio halina gharama, atalifanya.

Matokeo nitayasema mbele. Kwanza tuijue nikotini yenyewe.

Tumbaku si mmea wa asili wa Afrika. Ulitoka Amerika. Mwaka 1560 balozi wa Ufaransa nchini Ureno, aliyeitwa Jean Nicot, alipeleka tumbaku kwao Paris akiisifu kuwa ni dawa. Jina nikotini limetokana na jina lake. Mwaka 1828 wataalamu wawili wa Ujerumani, Posselt na Reimann, waliitoa nikotini kwenye majani. Ikisafishwa, ni mafuta yasiyo na rangi, na ni sumu kali. Kwa miaka mingi viwanda viliitengeneza na kuiuza kuwa dawa ya kuua wadudu wa mimea. Ndiyo kazi yake hata katika mmea: mmea huitengeneza ili wadudu wasiule.

Sasa angalia inavyotengenezwa. Nikotini imeundwa kwa chembe za kaboni, haidrojeni na naitrojeni. Naitrojeni ndiyo ile iliyomo katika mbolea unayoitia shambani. Mizizi huivuta kutoka udongoni, na mizizi hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza nikotini na kuipandisha kwenye majani. Unapokata kichwa cha mche ili usitoe maua, mmea hudhani umeliwa. Huongeza nikotini. Kwa hiyo jani unalochuma baada ya kukata vichwa lina sumu zaidi kuliko lile la mche mchanga.

Ndani ya nikotini kuna pete. Usifikiri pete ya kidoleni. Fikiri watoto sita wameshikana mikono wakicheza duara. Watano ni kaboni, mmoja ni naitrojeni. Duara hilo likiwa peke yake wanakemia huliita piridini. Lilipatikana mwaka 1849, pale Thomas Anderson, mtaalamu wa Scotland, alipochemsha mafuta yaliyotoka katika mifupa. Piridini hunuka kama samaki aliyeoza. Lakini ni mali kubwa viwandani. Zamani ilitolewa katika lami ya makaa ya mawe, na siku hizi viwanda huiunga kwa kemikali nyingine. Kutokana nayo hutengenezwa dawa za kuua magugu, dawa za wadudu, na dawa za hospitali.

Tena pete hiyo ipo hata katika zahanati yetu. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa isoniazidi, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1952. Ndani yake mna duara lile lile la watoto sita. Limo pia katika vitamini iitwayo niasini, ambayo mtu akiikosa hupata pelagra: ngozi iliyopigwa na jua hubabuka, tumbo huharisha, akili huchanganyikiwa. Vitamini hiyo zamani iliitwa asidi ya nikotini, kwa sababu wanakemia waliipata mara ya kwanza kwa kuiunguza nikotini kwa asidi kali. Baadaye jina likabadilishwa, watu wasije wakadhani kuvuta sigara kunaleta vitamini! Niasini utaipata katika karanga, maharage, samaki na nyama. Katika tumbaku hutaipata.

Nimeyataja hayo ili ujue kwamba pete yenyewe haina ubaya. Ubaya hutegemea kilichoshikamana nayo, na kiasi kinachoingia mwilini.

Kiasi hicho si kidogo kama unavyodhani. Nikotini huyeyuka katika maji. Kwa hiyo umande au mvua ikikaa juu ya jani, nikotini hutoka na kuingia katika maji hayo. Huko Marekani wataalamu walipima maji ya umande wa tumbaku, wakakuta hadi miligramu 9 za nikotini katika mililita 100. Mchumaji siku yenye unyevu huweza kulowana kwa mililita 600 za maji hayo, yaani zaidi ya nusu lita. Piga hesabu: 9 mara 6 ni miligramu 54. Mvutaji akivuta sigara moja, huingiza mwilini kama miligramu moja. Si nikotini yote iliyo juu ya ngozi itakayoingia ndani. Lakini nguo iliyolowa hukaa mwilini saa nyingi, jasho linatoka, jua linawaka, na ngozi yenye joto hupitisha zaidi. Na penye mchubuko au kidonda, hupita kwa urahisi kuliko popote.

Huko Marekani ugonjwa huu uliandikwa na waganga mwaka 1970, kwa wachumaji wa tumbaku wa jimbo la Florida. Basi wewe ukiupata, usione haya.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mbona babu zetu walikuwa na tumbaku na hawakuutaja ugonjwa huu?" Ni swali zuri. Ni kweli, tumbaku ilikuwapo Unyamwezi tangu zamani za misafara. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, na Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Watu walikuwa na tumbaku ya kiko na ya kunusa. Lakini ilikuwa miche michache nyuma ya nyumba, ya kutumia na ya kubadilishana. Bibi huchuma majani kumi, anayaanika, basi. Hapakuwa na mtu aliyekumbatia majani mabichi kutwa nzima.

Tumbaku ya ekari ilikuja baadaye. Kule Urambo, katika nchi aliyoitawala Mtemi Mirambo mpaka alipofariki mwaka 1884, Waingereza walianza mpango wao wa karanga katika miaka ya 1940. Mpango ukashindwa, ukafungwa mwaka 1951. Katika miaka ya 1950 tumbaku ikashika nafasi ya karanga. Leo mkulima mmoja ana maelfu ya miche. Huchuma majani ya chini kwanza, kisha ya kati, kisha ya juu, wiki baada ya wiki, katika miezi ile ile ya mvua. Wazee hawakutuachia jina la ugonjwa huu kwa sababu kazi yenyewe hawakuwa nayo.

Utautambuaje? Huanza saa chache baada ya kuchuma, pengine hata usiku. Kichwa huuma. Mtu huona kizunguzungu, hupata kichefuchefu, hutapika, tumbo hukata, mwili hulegea, jasho baridi humtoka, uso hupauka. Wengine moyo huenda mbio au pumzi huwa ngumu. Kwa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili. Malaria huleta homa, na haiondoki yenyewe kesho yake. Lakini usijipime kwa kukisia. Msimu wa kuchuma ndio msimu wa mbu, na mtu aweza kuwa na yote mawili. Njoo upimwe damu.

Lipo jambo la tatu la kuangalia, nalo ni hatari zaidi. Dawa za kupuliza wadudu nazo huleta kutapika na kulegea. Zile kali huleta pia mate mengi, machozi, misuli kurukaruka, na mboni za macho kuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Huyo ni wa kukimbizwa. Ukija zahanati, mwambie mganga wazi: nilichuma tumbaku, au nilipuliza dawa. Kopo la dawa lije nalo, lakini lifunge, na usilichanganye na vyakula kikapuni. Mganga asipokuuliza, mwambie wewe. Mimi sikuuliza mara mbili nzima.

Mtu akishikwa na ugonjwa wa tumbaku mbichi, mtoe shambani. Mvue nguo zote zilizolowa. Mwogeshe kwa maji mengi na sabuni, pamoja na nywele, makwapa na chini ya kucha. Mvike nguo safi. Mlaze kivulini. Mnyweshe maji kidogo kidogo, na akitapika sana mpe maji yenye dawa ya kuharisha ya pakiti. Usimpe maziwa kwa nguvu, wala usimpe sigara ati imzoeze. Akishindwa kunywa, akihema kwa shida, akizimia au akidegedega, mlete zahanati upesi bila kungoja.

Kujikinga ni kazi ya siku zote. Jambo kubwa kuliko yote ni kungoja. Acha majani yakauke ndipo uingie. Najua utaniambia jani likiiva halingoji, na bani lazima lijae siku moja. Ni kweli. Basi siku ambayo huwezi kungoja, jikinge na maji. Nunua karatasi ya nailoni, itoboe mahali pa kichwa na mikono, uivae kama joho juu ya nguo. Vaa mikono mirefu na viatu vya mpira. Glavu za mpira zikipatikana, vaa. Jua likiwa kali na majani yamekauka, vua nailoni, kwa maana joto nalo humwangusha mtu. Usibane majani kwapani, yaweke katika machela au kwenye kikapu. Nguo zikilowa, badili hapo hapo. Nenda shambani na nguo ya pili. Nguo za tumbaku zifuliwe peke yake, na zisilaliwe. Nawa kwa sabuni kabla ya kula muhogo wako wa mchana.

Mama mjamzito asichume majani mabichi. Nikotini humfikia mtoto tumboni, na kwa mama anayenyonyesha hupita hata katika maziwa. Mama mmoja alinijibu, "Nani atachuma, wewe?" Sikuwa na jibu. Lakini kazi za tumbaku ni nyingi, na za majani makavu zina afadhali. Baba wa nyumba aweza kubadilishana kazi na mke wake kwa miezi ile bila kupungukiwa heshima.

Na mtoto? Mwili wake ni mdogo, kwa hiyo sumu ile ile humzidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha kazi ya hatari mtu aliye chini ya miaka 18. Najua watoto wetu wanasaidia wazazi, na mimi nilisaidia. Mtoto na achote maji ya kunywa ya wachumaji baada ya shule. Jani bichi asiliguse.

Mambo mawili madogo. Wako watu wanaobandika jani la tumbaku kwenye kidonda, au kumpaka mtoto maji ya tumbaku kichwani kuua chawa. Acheni. Ndiyo, chawa watakufa. Sumu inayoua chawa itaingia pia katika ngozi ya mtoto. Na wako wasemao mvuta sigara hapati ugonjwa huu. Mvutaji amezoea nikotini, kwa hiyo pengine huusikia kidogo. Lakini naye huupata, na mapafu yake ameyauza kwa bei mbaya.

Sasa nirudi kwa yule baba. Alishika neno lake. Wiki ya kwanza walianza kuchuma saa nne asubuhi, umande umekwisha. Hakuna aliyetapika. Wiki ya pili ilinyesha siku tatu mfululizo. Majani yalikuwa yanaiva, hakuvumilia, akaingia na mdogo wake kwenye majani mabichi. Yeye alivaa nailoni. Mdogo wake alicheka akakataa kuvaa. Usiku mdogo wake alitapika mpaka alfajiri. Baba hakuugua. Shamba ni lile lile, siku ni ile ile.

Hakuja kuniambia kwamba nilisema kweli. Alimtuma mtoto kuniuliza karatasi ya nailoni inauzwa bei gani mjini. Baada ya siku chache nikamwona anapita njiani na mzigo wa kuni, akauweka mlangoni kwa yule bibi mjane, akabisha hodi, akaondoka kabla bibi hajatoka.

Kisimani wengine bado wanainua ndoo. Jumamosi hii mwenyekiti wa kijiji amenipa nafasi katika mkutano, baada ya habari za mbolea. Nitakwenda na gauni la yule mtoto. Mama yake amenipa. Hatukulifua, ili kila mtu aliguse aone linavyonata.